Mimba Imemkataa Nani

Kila aliyeingia chumbani mwangu alikuja na dawa. Wifi alileta tangawizi, nitafune kidogo kidogo. Jirani alileta limau la kunusa. Shangazi alishauri biskuti kavu kabla sijanyanyua kichwa kwenye mto. Nilizijaribu zote na zote nikazirudisha kwenye beseni, nao wakasema labda sikufuata maelekezo. Kutapika nitapike mimi, na kosa pia liwe langu.

Mwisho wakapata jibu: mimba imemkataa mume. Mume wangu ni fundi rangi, kwa hiyo kesi ilikwisha kabla haijaanza. Maskini akawa anajisugua bafuni mpaka ngozi inawaka, nguo za kazi anaziacha kwa jirani, na usiku analala sebuleni, amejikunja kwenye kochi fupi. Hali yangu aliniulizia mlangoni, kama mgeni. Nami nikanyamaza, ingawa nilijua si rangi.

Yalikuwa mafuta ya kuchua ya mama mkwe. Magoti yake ni mabovu, na kila asubuhi alijipaka mafuta yale ya kafuri mpaka nyumba nzima inanuka. Akija na kikombe cha tangawizi, harufu inatangulia, tumbo langu linapinduka kabla sijaonja. Ningemwambiaje? Mwanamke ameacha nyumba yake aje kuniuguza, ananifulia, anamwaga matapishi yangu bila kukunja uso, halafu mimi nifungue mdomo nimwambie ananuka. Heshima hiyo ilikuwa inanimaliza, nami niliichukia.

Juzi nesi wa zahanati alinipima, akasema nimepungua mno na maji mwilini yamekwisha. Nisipoweza kubakiza hata maji mpaka kesho yake, nalazwa, natundikiwa dripu, maana hali hiyo si salama kwangu wala kwa mtoto. Akauliza kama kuna harufu inayonisumbua nyumbani. Mume wangu, aliyenisindikiza, akawahi kujibu.

"Ni mimi, nesi. Mimba imenikataa. Nitahama kwa muda."

Hapo nikachoka kabisa. Tulipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa anatungoja sebuleni na kikombe chake. Nilisimama mbali, nimeziba pua kwa khanga.

"Mama, si mwanao. Ni mafuta yako ya kuchua."

Akakiweka kikombe chini.

"Kumbe imenikataa mimi."

Nilimwambia si yeye, ni mafuta tu. Hakubishana nami. Aliingia bafuni, akaoga kwa muda mrefu, kisha akaichukua ile chupa ya mafuta na kumpa mwanawe akaitupe mbali. Aliporudi chumbani alikuwa hanuki chochote. Akaanza kuninywesha maji ya tangawizi kwa kijiko, ananipa, anangoja, ananipa tena. Yakatulia.

Jana asubuhi nilimkuta jikoni ameshikilia meza kwa mikono miwili, goti limekataa kukunjuka, jasho linamtoka. Nikamwambia tutafute dawa nyingine isiyo na harufu. Akanisogezea kikombe.

"Magoti yatangoja, mwanangu. Huyo wa tumboni hana mwingine wa kumnywea maji."

Nikanywa chote, nikilia kwa hasira, na sikutapika hata tone.