Kura ya Viti vya Nyuma

Jumapili ile, ibada ilipokwisha, Pasta Zéphyrin hakuwaruhusu watu kutoka. Alitaka baraza la wazee livunjwe, kanisa liongozwe na yeye peke yake.

Glory alijua chanzo. Alikuwa Mtanzania, mwanafunzi wa historia ya Ujerumani, naye ndiye aliyewafundisha waumini wale Wakongo wa Garland, Texas, habari za Ulm, mji uliojitawala wenyewe. Karne tano zilizopita, dini ilipokuwa ikigeuka, wananchi wa Ulm waliulizwa chama kwa chama, wafumaji kwa zamu yao na waokaji kwa yao: tumfuate Kaisari, au tushike mageuzi? Tangu somo hilo, waumini walianza kumuuliza pasta maswali.

"Hapa si Ujerumani," pasta alisema, akimkazia Glory macho. "Lakini kura mnaitaka. Haya. Wanaokubali, simameni."

Wakasimama wote. Wengi wao, pasta ndiye aliyewapokea Texas, akawatafutia kazi kwenye maghala. Glory naye alijikuta amesimama.

"Kaeni. Wanaokataa?"

Kisha, kule nyuma, viti virefu vya mbao vililia, safu baada ya safu, kama vinavyolia watu wazito wakiinuka pamoja. Walutheri wa Kijerumani waliolijenga kanisa hilo ndio walioviacha.

Watu wakageuka. Safu za nyuma zilikuwa tupu, zimejaa jua la mchana.

"Ni upepo," alisema pasta. Nje hapakutikisika hata jani. "Nimesema kaeni!"

Walisubiri mbao zilie tena. Hazikulia. Glory alielewa kama walivyoelewa wote: waliosimama kule hawajakaa. Harufu ya sufu iliyoloa mvua ilimjia puani, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Mama Bibiche, mtunza wagonjwa, akainuka.

"Pasta, miye nakatala."

Akatembea hadi nyuma, akasimama kwenye njia, asiguse kiti. Mugisho, mkaribishaji wageni mlangoni, akamfuata. Wakafuata madereva, kisha wanawake wa kiwandani. Glory alikwenda pia. Alipopita safu ya mwisho, kitu kilimpisha. Alisikia nguo ikisogezwa.

Pasta Zéphyrin alibaki mbele na mkewe, Clarisse, aliyekuwa akilia. Hakuhesabu kura. Alifunga Biblia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mwezi uliofuata walihamia Houston, na baraza likabaki.

Siku hizi wazee huulizwa na kujibu, na watu hugombana mpaka chakula kinapoa. Ila muumini akichelewa ibada, Mugisho humshika mkono, akambana katikati ya wengine mbele.

"Huko nyuma kumejaa," humnong'oneza.

Wageni hugeuka kutazama. Wenyeji hawageuki.