Jiko Lenye Ukuta

Ema hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mkavu. Waliokula kwake Makambako walikwisha kumzoea hivyo. Ukifika bandani pake pale njia panda, barabara ya Njombe inapoachana na ile ya kwenda Mbeya, alikupa makande yako, akapokea senti zako, akageuka. Hakuuliza habari za safari wala za watoto. Mumewe Yoeli alikuwa amefia kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, akazikwa na watu ambao Ema hakuwajua. Tangu habari ile ifike, Ema alielekeza akili yake yote kwenye vyungu. Kwao ni Kifanya, lakini Kifanya alikuwa hakanyagi. Kule kila mtu alitaka kumlilia, naye kulia kulikuwa kumemchosha.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ikikata masikio, lori lilitokea upande wa Njombe likasimama mbele ya banda. Utingo aliruka chini, akafungua nyuma, kisha yeye na abiria wawili wakamshusha mwanamke mmoja kwa kumvuta nguo, maana hawakutaka kumgusa mwili. Wakamlaza kando ya barabara. Dereva hakuzima hata injini.

"Ana kifafa huyu," utingo alisema, akijifuta mikono kwenye suruali. "Ameangukia watu mle ndani. Wenzake wamekataa kuendelea naye."

"Sasa ndiyo mnaniachia mimi?" Ema aliuliza.

"Hatukuachii wewe, mama. Tunamwacha barabarani."

Lori likaondoka.

Mwanamke yule alikuwa bado anatetemeka, povu mdomoni, kaniki imepanda hadi mapajani. Waliokuwa wakila walisimama na bakuli zao, wakawa wanarudi nyuma. Kati yao alikuwepo Oktavia, muuza viazi wa jirani, mwanamke ambaye akishasema jambo sokoni basi limekwisha.

"Asimguse mtu!" Oktavia alipaza sauti. "Povu lile likikurukia, umeupata. Wewe na ukoo wako mzima."

Ema naye alikuwa amekuzwa na maneno hayo hayo. Kilichomsukuma siku ile hakikuwa huruma, na baadaye alipoulizwa alisema hivyo bila kuficha. Yalikuwa yale mapaja. Aliona wanaume wanatazama, akaudhika. Akalivua blanketi alilojifunga mabegani, akamfunika. Alipokuwa pale chini akaona kichwa kinagonga jiwe, akakiinua akakiweka kwenye paja lake. Akiwa amekwisha kukiinua, akaona haifai kuuacha uso ule ulivyo, akaufuta kwa ncha ya kanga.

Alipoinua macho, banda lilikuwa tupu. Bakuli zilikuwa zimewekwa chini, nyingine hazijafika hata nusu.

Mwanamke alizinduka jua limekwisha kupanda. Alitazama anga, akamtazama Ema, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Nimejikojolea?"

"Kidogo."

"Nguo nyingine ninayo kwenye mzigo."

"Mzigo umekwenda na lori."

Kisha Ema akaingia ndani, akatoka na kaniki yake ya zamani na bakuli la makande. "Badili, ule. Chungu kizima kimebaki, na kisa ni wewe."

Aliitwa Jeni, mtu wa Makete, umri wake kama miaka thelathini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu kuanzia kiwiko, na vidole viwili vimeshikana. Alikuwa ameangukia moto nyumbani kwa mumewe, na mume akamrudisha kwa kaka zake. Kaka zake walimtunza kwa zamu hadi wakachoka. Alisikia kwamba Iringa kuna dawa ya ugonjwa wake, akakusanya nauli kwa kuuza vikapu, akapanda lori. Hayo yote aliyaeleza huku anatafuna, kama mtu anayesimulia mavuno.

"Kesho utapanda lori lingine," Ema alimwambia.

Kesho yake hakuna dereva aliyekubali kumchukua, maana habari zilikwisha kusambaa. Na walaji hawakurudi. Waliokula bandani siku hizo ni wageni waliopita tu, wasiojua lolote, na hata hao Oktavia aliwahi kuwanong'oneza wengine kabla hawajakaa. Kanisani Jumapili, Ema alipoketi na Jeni, benchi lao likabaki na nafasi ya kutosha watu wengine wanne. Kila jioni Ema alisema kesho lazima uende, na kila asubuhi aliamka akakuta ua umefagiliwa na Jeni amejikunja kwenye kona ya mbali, anasuka kikapu cha mianzi polepole kwa vile vidole vyake.

Ikawa siku moja Ema ametoka kwenda kuchukua kuni nyuma ya banda. Aliporudi akamkuta Jeni ameanguka kando ya mafiga, nguo imeanza kushika moto. Alimvuta kwa nguvu, akampigapiga kwa mikono yake, akamwagia maji ya kuoshea vyombo. Hakuungua mwilini, ila kaniki ilitoboka tundu kubwa. Jeni alipopata fahamu, Ema alikuwa bado anamfokea.

"Nimekuambia mara ngapi usikae karibu na moto?"

"Nikae wapi, mama, na baridi hii?"

"Kule kwenye kona yako!"

Jeni aliinuka akakaa. Hakuwa mtu wa kujibizana, lakini siku hiyo alijibu. "Kwa kaka zangu nilikaa kwenye kona. Chakula nililetewa, sikatai. Lakini watu wanakaa penye moto, mama. Wanazungumza hapo, wanacheka hapo. Ukinitoa penye moto umenitoa penye watu."

Ema alienda kuosha mikono, malengelenge yameanza kutoka, na maneno yale yakawa yanamsumbua. Alijiona mwenyewe: miaka yote ile alikuwa anakaa penye moto kutwa nzima, na watu wamejaa, naye hakuwa na watu.

Asubuhi iliyofuata alibeba jembe akaenda kwenye kichuguu nyuma ya mashamba. Udongo wa kichuguu ukikauka ni mgumu kama tofali. Wazo lake lilikuwa rahisi: moto usikae chini. Aliinua jukwaa la udongo usawa wa kiuno, akapanga mafiga juu yake, akayazungushia ukuta wa kufika kifuani, akaacha tundu jembamba la kuingizia kuni. Siku ya tatu jukwaa likapasuka katikati, likaporomoka pamoja na chungu cha maharage.

Ema aliketi chini akalitazama tope lililochanganyika na maharage. Mikono inauma, walaji hakuna, na udongo wote ule umepotea bure. Alitaka kulia, kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Jeni, ambaye hakuwahi kumsikia akicheka, akaogopa kidogo kabla hajajiunga naye.

"Ulikuwa udongo mtupu," Jeni alisema walipotulia. "Hauna cha kuushika. Kwetu tukikandika nyumba tunatia majani."

"Na ulikuwa unanitazama tu?"

"Hukuniuliza. Na uliniambia nikae kwenye kona."

Wakaanza upya. Jeni alikatakata majani makavu, Ema akaomba samadi kwa wenye ng'ombe, wakakanyaga udongo kwa miguu mpaka ukawa laini kama unga uliokandwa vizuri. Safari hii walijenga kidogo kidogo, wakaacha kila tabaka likauke kabla ya kuongeza jingine. Ilichukua siku nyingi. Jiko lilipokamilika halikuwa zuri, lilikuwa limevimba upande mmoja, lakini lilisimama.

Haikupita muda Jeni akaanguka tena, akiwa anakoroga uji. Alijigonga ukutani, akateleza taratibu hadi chini. Upande wa pili moto ukaendelea kuwaka kama kawaida. Ema alimweka kichwa chake pajani, akavuta kikapu cha viazi karibu, akaendelea kumenya mpaka mwenzake alipozinduka.

"Nimeungua?" Jeni aliuliza.

"Uji ndio umeungua. Inuka tule."

Tangu hapo hakuna aliyezungumzia tena habari ya kuondoka kesho. Ema akakuta ameanza kuwauliza wageni wanatoka wapi na wamewaacha wangapi nyumbani. Mwanzoni aliuliza kwa sababu Jeni alipenda kusikia. Baadaye akaanza kungoja majibu mwenyewe.

Jua lilikuwa linazama siku Oktavia alipokuja. Alisimama mlangoni, kanga imefunika kichwa.

"Kamwene."

"Kamwene," Ema aliitikia bila kuinuka.

"Nimekuja kuliona hilo jiko."

"Haliuzwi."

Oktavia hakuwa na ile sauti yake ya sokoni. "Ni Telesia wangu."

Ema alimfahamu mtoto huyo. Watu wote walijua kwamba Telesia alipelekwa kwa bibi yake Lupembe.

"Hayuko Lupembe," Oktavia alisema. "Hakuwahi kwenda. Yuko ndani. Nikienda kuuza viazi namfunga kamba mguuni ili asifike motoni."

Ema alikuwa na maneno ya kumwambia Oktavia. Alikuwa ameyaweka akiba tangu siku ya lori, na mengi yalikuwa makali. Alifungua mdomo. Lakini Jeni alikuwa amekwisha kuweka kikapu chake chini.

"Huwa anaangukia upande gani?" Jeni aliuliza.

"Nini?"

"Kila mtu ana upande wake. Mimi ni kushoto. Tukijua, tutaweka tundu la kuni upande mwingine."

Oktavia alikaa chini palepale kizingitini, akajifunika uso. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza jambo lolote kuhusu ugonjwa wa mwanawe.

Ema aliyapunguza maneno yake, hakuyaacha yote. "Ulinikimbizia walaji."

"Najua."

"Ulisema ugonjwa utatupata, sisi na ukoo mzima."

"Nilikuwa nausema ukoo wangu," Oktavia alijibu. "Niliogopa mtu asije akanitazama mimi."

"Tutakuja kesho," Ema alisema. "Lakini mchana. Tutapita sokoni na udongo kichwani, na wewe utatangulia."

Oktavia alisita, akakubali.

Walipita kweli. Mwendo ulikuwa wa polepole kwa sababu ya mzigo, na soko zima liliwatazama. Wengine walisonya, wengine walinyamaza, na bibi mmoja alikuja nyuma yao bila kuulizwa, akabeba debe la maji. Telesia alikutwa ameketi sakafuni, ameivisha ile kamba nguo kama mtoto wa bandia. Jeni aliifungua, akamwambia, "Njoo ukanyage udongo, una miguu mizuri." Mtoto akakanyaga hadi akapakaa matope mpaka kwenye nyusi.

Majiko yaliongezeka. Ikajulikana kwamba nyumba nyingi zilikuwa na mtu wa kwenye kona. Mganga wa zahanati ya misheni, mmoja wa wale waliokuja kuliona jiko, akaanza kumpa Jeni vidonge. Havikumponya, ila akawa anaanguka mara chache. Walaji walirudi, si wote. Alipokuja mtu kutoka Kifanya kuomba jiko, Ema alifunga banda akaenda. Ndugu wa Yoeli walimlilia kama alivyojua, naye akawaacha wamlilie, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa matope na kazi haikusimama.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokatika, alifika mwanamume mmoja kutoka Makete, amevaa kabuti kuukuu. Alikuwa Sila, kaka mkubwa wa Jeni. Aliwakuta uani kwa Mzee Abrahamu, fundi wa viatu, wanajenga jiko kwa ajili ya mke wa mzee huyo. Alisimama pembeni muda mrefu akimtazama dada yake anavyopiga udongo na kutoa amri.

"Nimekuja kukuchukua," alisema hatimaye. "Twende nyumbani."

Jeni hakuacha kazi. "Nyumbani moto uko wapi?"

"Uko chini, kama siku zote."

"Basi nitakuja kuunyanyua. Nitakaa mpaka ukauke vizuri, halafu nirudi. Huku nina kazi, kaka."

Sila alimgeukia Ema, kama mtu anayetafuta mkubwa wa kuamua. Ema alikuwa juu ya kigoda, analainisha ukingo kwa kiganja kilicholowa.

"Usinitazame mimi, kaka," alimwambia. "Vua kabuti, utupatie hilo debe. Udongo unakauka."