Bustani Juu ya Kitanda

Kampuni ilipokuwa inauza vyumba vya jengo lile, picha kwenye bango ilionyesha miti juu ya paa, watoto wanabembea, na bibi mmoja anacheka kama aliyelipwa. Watu walipohamia wakakuta paa ni zege tupu na kinyesi cha kunguru. Ukiuliza, unaambiwa miti inakuja. Haya, wakaisubiri. Mpaka leo wangekuwa wanaisubiri kama si yule mama wa ghorofa ya juu kabisa, ambaye kusubiri hakukuwamo katika damu yake.

Alianza na beseni lililopasuka. Akatia udongo, akapanda mchicha. Wakamcheka, wakamwita Waziri wa Kilimo. Mchicha ulipostawi na majirani wakaanza kupanda ngazi na visu mkononi, kicheko kiliisha ila jina likabaki: Waziri. Misimu michache tu, karibu paa lote likajaa masanduku ya mbao yenye nyanya, pilipili na mnanaa, hata mpapai ndani ya pipa. Watu waliokuwa wakipishana kwenye ngazi bila salamu, sasa walikuwa wanagombana kuhusu mbolea. Hiyo nayo ni hatua.

Waziri aliweka zamu. Kila ghorofa ilikuwa na siku yake ya kumwagilia, sanduku moja ndoo moja, na ole wako uguse ndoo siku isiyo yako. Msimamizi wa jengo, mwanamume mpole mwenye funguo nyingi kuliko maneno, aliwaruhusu kwa sharti moja: siku atakayoona tone la maji limepenya chini ya paa, bustani nzima inashushwa, na asiletewe machozi.

Halafu Waziri akapigwa na kiharusi.

Upande mmoja wa mwili ulikufa ganzi, mdomo ukaenda kombo. Akalazwa chumba cha ndani, masanduku yake yakiwa juu ya dari, yeye chini. Aliyemuuguza ni binti yake, mwanamke wa makamo ambaye jengo zima lilimwita Fundi kwa sababu alishona nguo palepale sebuleni. Mume alishaondoka siku nyingi, mtoto hakujaliwa. Alikuwa na cherehani na mama, na cherehani ikiharibika hununuliwa nyingine.

Ngazi zilimshinda Waziri, lakini masikio yalikuwa mazima. Alishinda akisikiliza nyayo juu ya dari kama wengine wasikilizavyo redio.

"Umesikia?" alimwuliza binti yake asubuhi moja. "Wamepanda tena."

"Ni zamu ya ghorofa ya pili, mama."

"Wa pili walipanda jana. Hawa wa leo wananyata." Akacheka kwa ule upande uliobaki. "Kumbe wananipenda, mwanangu. Mimi nilidhani wanapenda mchicha."

Fundi akacheka naye, wala hakutia maanani. Alikuwa na sare za shule za kumaliza, na mgonjwa anayecheka ni wa kumshukuru Mungu. Yeye mwenyewe kila jioni alipanda na ndoo yake, zamu au si zamu, maana mama angemwuliza, "Umewatazama wale?" na alitaka kumjibu ndiyo bila kusema uongo.

Doa lilianza darini, kubwa kama kiganja, juu ya upande wa miguu wa kitanda cha mama. Fundi akadhani ni rangi imezeeka. Likatambaa mpaka katikati ya dari, likafanya ukungu, plasta ikavimba. Siku tone la kwanza lilipodondoka kwenye shuka, Fundi alivaa kandambili, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Kumwita msimamizi. Dari imelowa, mama. Huoni?"

"Naiona kuliko wewe, nalala naitazama. Weka beseni."

"Beseni litazuia nini?"

"Ukimwita yule, kesho wanashusha masanduku yangu." Mama akainua mkono uliobaki mzima, akaonyesha dari. "Mimi nimebakiwa na nini? Mkono? Mguu? Nimebakiwa na hizo nyayo, basi. Wakiacha kupanda, nani atakumbuka kwamba nipo humu?"

"Mimi nipo."

"Wewe ni mwanangu, huna budi. Wale hawakulazimishwa na mtu."

Neno lile lilimchoma Fundi, lakini akalimeza. Akasema basi wahamishie kitanda sebuleni, juu ya sebule hakuna masanduku. Mama akakataa kabisa, huko hasikii kitu. Akaanza kulia, na kilio cha mtu mwenye mdomo kombo hakitazamiki. Fundi akaahidi kwamba hatamwambia mtu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga wamesema. Hawakusema ufanye nini pale anayelia ni mama yako mzazi.

Akaweka beseni. Baadaye akaweka mawili.

Siku chache mbele akakutana na msimamizi kwenye ngazi, anapanda taratibu akipumzika kila ghorofa. Lifti ya jengo lile ilikuwa pambo.

"Waziri hajambo?" msimamizi akauliza.

"Anaendelea vizuri."

"Huko juu kuna shida yoyote? Nije nitazame?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Fundi alilisikia neno limefika kwenye meno. Akamwona mama yake anavyogeuza uso kuelekea dari kila kishindo kikipita, akaona masanduku yanashushwa mbele ya mlango wao.

"Hakuna shida," akasema. "Tuko salama."

Msimamizi akashukuru kuepushiwa ngazi, akageuka. Fundi alibaki ameshika chuma cha ngazi, anamkasirikia mama na anajikasirikia mwenyewe. Akajiapiza kwamba akishapeleka tu zile sare, anahamisha kitanda kwa nguvu, mama apige kelele mpaka achoke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nani hajui? Kujua hatujashindwa hata siku moja.

Sare alizipeleka mwenyewe, jengo la pili tu. Alikuwa anamwonyesha mteja kwamba vifungo havikupungua aliposikia mshindo, akadhani lori limemwaga kokoto. Kisha akaona watu wanakimbilia kwao.

Zege lilikuwa limeachia kipande kizima, na udongo umekuja nacho, umelowa chepechepe, na masanduku mawili na mchicha wake. Kinyozi wa ghorofa ya pili alishafika, anafukua kwa mikono na kucha zinatoka damu. "Mama! Mama!" alikuwa akiita, naye hakuwa mtoto wa yule mama. Walipomfikia alikuwa ameshakwenda. Mchicha ulikuwa kifuani pake.

Fundi hakulia. Alichukua kitambaa akaanza kumfuta mama yake udongo masikioni, kwanza sikio hili, kisha lile, mpaka wakamshika mikono.

Msiba ulikaliwa uani. Jengo zima lilishuka, hata wale wasiokula mboga. Na jioni, watu walipopungua, kinyozi akamwinamia Fundi, vidole vimefungwa bandeji.

"Dada, nikwambie kitu kikutulize moyo. Bustani ya mama sikuiacha hata siku moja. Kila alfajiri nilipanda na ndoo zangu kabla sijafungua kazi. Zamu yetu, si zamu yetu, mimi nilimwagilia. Nilijua ananisikia."

Fundi akamtazama. Akasema asante.

Baada yake akaja Mama Pacha wa ghorofa ya tatu, akamkumbatia na kumnong'oneza sikioni. Yeye alikuwa akipanda mchana, watoto wakilala. Hakumwambia mtu, kwa kuwa wema ukitangazwa unaharibika. Kisha akaja mlinzi wa geti. Kisha mke na mume ambao Fundi hakuwa hata akiwajua vizuri. Kila mmoja alikuja peke yake, kwa sauti ya chini, akimletea siri yake mkononi kama zawadi. Na kila mmoja alimwachia ndoo nyingine ya maji, akaenda kuketi.

Fundi alizihesabu ndoo zile moja moja, akaongeza na yake ya kila jioni. Wamemuua, aliwaza. Wamemuua kwa kumpenda, na mimi nimo.

Kesho yake msimamizi akaja na mtu wa kampuni. Watu walikuwa wamejaa kwenye mikeka. Msimamizi alitoa pole, akasita, akauliza alilotumwa kuuliza.

"Juu pale hakuna bomba, na mvua haijanyesha. Zamu ile isingeweza kulowesha zege namna hii. Haya maji yote yalitoka wapi?"

Watu wakatazamana. Fundi akaiona ile hesabu inaanza kuingia machoni mwao, kwa kinyozi, kwa Mama Pacha, kila mmoja akigeuka kumtafuta mwenzake. Kinyozi alikuwa amefumbua mdomo. Fundi akafikiri: huyu akilisema, hatalala tena maisha yake. Na mimi ndiye niliyeliona doa. Mimi ndiye niliyesema hakuna shida.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe?"

"Nilikuwa namwagilia kupita kiasi. Asubuhi, mchana, jioni. Dari niliiona inavuja, nikanyamaza. Unakumbuka uliponiuliza kwenye ngazi?"

Msimamizi akainamisha kichwa. Mtu wa kampuni alishusha pumzi, akasema kumbe basi jengo halina kosa.

Fundi aliwageukia majirani. Hakutaka shukrani. Alitaka mmoja tu, yeyote, aseme hapana, si wewe peke yako. Kinyozi alifumba mdomo, akatazama bandeji zake. Mlinzi akakumbuka geti, akainuka.

Nyuma ya Fundi mwanamke mmoja akasema polepole, lakini si polepole ya kutosha, "Mama yake mzazi, jamani."

Mama Pacha, aliyekuwa amemshika mkono tangu asubuhi, akauachia. Akajisogeza pembeni kidogo kwenye mkeka, na hakuna aliyekuja kukaa pale katikati.