Uyoga wa Mzee Raimundi

Mzee Raimundi aliamka, akanawa, akanyoosha kidole kabla hajaombwa. Mpunga wake kule Mofu ulikuwa umeiva, na bintiye Fausta alishatamka: sukari ya damu isiposhuka chini ya kumi, baba haendi kulala shambani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Choma upesi, bodaboda ananisubiri."

Fausta akachoma, akagusisha tone la damu kwenye kipimo. Kumi na tano nukta mbili.

"Hicho kipimo kibovu," mzee alisema. "Wiki mbili nzima nakunywa unga wa uyoga. Makoye aliyeniuzia aliniapia utanisaidia."

"Na vidonge?"

"Sijaruka hata kimoja!"

Fausta alimwamini. Baba yake alikuwa mbishi, si mwongo. Na nesi Digna wa kliniki alishamwambia mzee waziwazi: uyoga ukipenda tumia, ila vidonge usiache na kupima usikwepe. Sasa tatizo liko wapi?

"Hebu tengeneza hiyo dawa, nione unavyoinywa."

Mzee akaingia jikoni kwa mwendo wa mtu aliyeonewa. Akatia kijiko kimoja cha unga kwenye kikombe kikubwa, akainua ndoo ya togwa, kile kinywaji kitamu cha nafaka, akamimina mpaka juu. Akaongeza sukari vijiko vitatu.

"Baba!"

"Ni mchungu, mwanangu! Wewe hujauonja. Ukiunywa na maji unarudi."

"Unakunywa mara ngapi?"

"Asubuhi, mchana, jioni. Na vidonge nasukumia hiyohiyo."

Fausta alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele. Alipomaliza kucheka aliibeba ile ndoo, akaweka na mfuko wa sukari juu yake, akavipeleka vyote kwa jirani.

"Wiki moja, baba. Maji matupu."

"Ndege watamaliza mpunga!"

"Kaka Osward yuko huko, atawafukuza."

"Osward? Hata kuku hamwogopi!"

Wiki nzima mzee alimeza uyoga wake kwa maji, uso umekunjamana, akihesabu ndege wa Mofu kwa sauti ili Fausta asikie. Jumapili asubuhi akanyoosha kidole tena, macho kayafumba.

Tisa nukta nne.

"Umeuona uyoga!"

"Nimeiona togwa uliyoiacha."

"Sema utakavyo," mzee alijibu, tayari ameshavaa gambuti. "Mwite bodaboda."

Fausta akampakia vidonge na kipimo kwenye mkoba, akamwita.