Nyasi za Kokuberwa

Ukitaka kunitia hasira hata leo, nitandazie nyasi kavu chini ya mti. Sisi watu wa Pwani tunafagia. Uwe mnazi, uwe mwembe, chini yake panakuwa peupe, hata sisimizi akipita unamwona. Kokuberwa alitoka Bukoba, kwenye mvua zisizokatika, na kwao shamba lisilofunikwa nyasi ni la mvivu. Hapo ndipo shamba langu lilipopotelea.

Lilikuwa Kinondoni, kwenye mteremko wa kushukia kijito, wakati Kinondoni bado ni mihogo na mikorosho na nyumba za makuti hapa na pale. Baba alilifyeka mwenyewe, akapanda minazi, akaniachia mimi Mauwa, mwanawe wa pekee, kisha akarudi kufia kwao Maneromango. Mume sikuwa naye tena, wala mtoto aliye hai. Nilikuwa na minazi. Miaka michache baada ya vita vya Hitla akaingia yule mdudu chonga, akaitoboa mioyo minazi yote, yakabaki magogo yasiyo na vichwa. Nikayakata kuni.

Ndipo jumbe akaja na habari. Serikali inataka kujenga nyumba mpya upande wetu, na wapimaji watapita kabla ya mvua za vuli. Penye miti ya kudumu, hata ikiwa michanga, mradi imeshika, mwenyewe ataachiwa. Penye mihogo na vichaka patahesabiwa pori, patachukuliwa.

Nilimsikiliza nikiwa nimeshika mlango. Shamba lile lilikuwa ndilo baba yangu, ndilo mume wangu, ndilo kila kitu. Likienda, mimi nilikuwa mwanamke mzee mwenye sufuria moja na mkeka.

Peke yangu nisingeweza kulijaza miti. Nikafanya jambo ambalo mwenye shamba wa kwetu hafanyi: nikawaita wageni waje wapande. Kwetu mgeni unampa mahali pa mihogo, kwa sababu mhogo unang'olewa, yakaisha. Mti ni wa mkono uliopanda. Mkono huo ukishakuwa na mti utataka na kivuli chake, na mwisho utataka ardhi. Shomari, jirani yangu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Bi Mauwa, wallahi shamba umelichoka! Hao watu wa bara watakuuliza wewe kwenu wapi."

"Bora waniulize wao kuliko kuulizwa na tingatinga," nikamjibu. "Na wewe kama huna jembe la kunisaidia, funga mdomo."

Wakaja. Fransis, Mmakonde mchonga vinyago, na mkewe Bernadeta. Adelard, karani wa posta, na mkewe Kokuberwa, mrefu, mpole, mja mzito. Wakaja na wengine kutoka njia ya Manzese. Tukakubaliana mbele ya jumbe kwamba miti itakuwa yangu, matunda nusu yangu nusu yao, na katikati ya mistari kila nyumba ilime mboga zake. Masika ilipoanza tukapanda miembe, michungwa, mifenesi, na minazi michanga niliyoipata Temeke kwa kubembeleza. Ijumaa mimi na Waislamu wenzangu tulipumzika, wao wakafanya kazi. Jumapili wao waliposali, sisi tukashika majembe. Nakwambia shamba lile halikulala hata siku moja. Nilianza kuimba tena.

Masika ilipokuwa inaishia, Kokuberwa alijifungua. Mgeni yule, wa kike, alikaa duniani mchana mmoja tu. Padri alikuwa safarini, na katika kule kuhangaika hakuna aliyekumbuka kumtia maji ya ubatizo. Makaburini kwao wakaambiwa mtoto hana mahali.

Kokuberwa akaja kwangu amembeba ndani ya kanga, Adelard nyuma yake kama mtu aliyepigwa. "Mama," akaniambia, "kwetu mtu wetu tunamzika kwenye migomba ya nyumbani. Mimi hapa sina mgomba, sina nyumbani."

Niliwahi kuzika wa kwangu. Nikamwonyesha mahali kule chini karibu na kijito, penye ubaridi. Fransis akachimba. Bernadeta akapanga mawe madogo kuzunguka. Siku ya pili Kokuberwa alikuja na machipukizi ya migomba kichwani, akayapanda kuzunguka mawe yale, na juu ya kaburi akatandaza nyasi, kwa mkono, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka.

Hakuishia hapo. Kila wiki alikuja na machipukizi mengine. Akapanda moja kando ya mche huu, moja kando ya mche ule, ati yatie kivuli. Nikamwacha. Mtu mwenye uchungu mkubwa namna ile unampa kazi, na kazi yake ilikuwa migomba.

Kiangazi kilipokaza, kijito kikawa kamba ya matope. Tukawa tunachota kwa kata, tunasubiri, tunachota tena, mpaka debe lijae mikono imekufa ganzi. Na mimi nikashikwa na homa, nikalala. Nilipopata nguvu ya kutoka nje nikakuta shamba zima limefunikwa nyasi kavu. Kila mche umevishwa nyasi mpaka shingoni.

"Kokuberwa! Umefanya nini hiki?"

"Shikamoo, mama. Nimekupunguzia maji." Akapiga magoti, akafunua nyasi, akanishika mkono akauingiza chini. Udongo ulikuwa na unyevu. Kiangazi kikali vile, na udongo una unyevu! Bernadeta akapiga vigelegele. Wote tulichoka na madebe, na wote tulifurahi. Hata mimi nilifurahi.

Hakuna kati yetu aliyefikiria mchwa. Huko kwao kwenye baridi na maji, nyasi zinaoza zinakuwa mbolea. Kwetu nyasi kavu ardhini ni karamu, na mchwa akimaliza nyasi hasemi ahsante akaondoka. Ndiyo maana bibi zetu walifagia, ingawa walikuwa hawatuambii sababu. Walituambia ni usafi tu.

Aliyegundua ni Fransis. Alishika mwembe mmoja ulioinamisha majani ili aunyooshe, ukamfuata mkononi. Mzizi haukuwapo. Tukafunua nyasi za mche wa pili. Gome limeliwa lote, umebaki uzi. Tukakimbia mstari hadi mstari tunafunua, tunavuta, na kila tulichovuta kilikuja. Minazi michanga ilikuwa na udongo wa mchwa ndani ya kuti. Tulimwaga majivu. Tulitwanga majani ya mwarobaini, tukamimina maji yake machungu mpaka mikono ikanuka. Bernadeta alichimba kichuguu kwa jembe huku analia. Haikusaidia. Kilichobaki kibichi kwenye shamba la baba yangu ni migomba, imestawi, inapepea.

Nilimfuata Kokuberwa pale pale mbele ya watu.

"Umeniua," nikamwambia. "Nimekupa mahali pa kumlaza mwanao, nawe umenifukuza kwangu. Ondoka. Chukua nyasi zako urudi nazo Bukoba."

Nyasi alizokuwa amezikumbatia kifuani akaziweka chini, akaenda zake. Maneno yale yalikuwa makali, najua. Lakini hasira ile ilikuwa ya haki, na mtu asije akaniambia vingine.

Jumbe akaleta habari kwamba wapimaji wamefika Magomeni. Tukawa kama wendawazimu. Nilikwenda kwa Shomari kumwomba miche, mimi niliyemwambia afunge mdomo. Hakunicheka safari hii. Alinipa miwili aliyokuwa nayo, jua likaikausha. Fransis na wanaume wakachimbua mwembe mkubwa kiasi uliojiotea kando ya njia ya Manzese, wakaubeba na udongo wake ndani ya magunia, wakipumzika kila penye kivuli, wakaupanda katikati ya shamba. Tuliumwagilia maji yetu ya kunywa. Majani yakakunjamana, kisha yakaanguka yote. Fransis alikaa chini yake, amefunika uso.

"Mti ninaweza kuuchonga, Bi Mauwa," akasema. "Kuufufua siwezi."

Wakati huo huo nikasikia Adelard amepata uhamisho wa Tabora, na kwamba Kokuberwa hali chakula. Nilisema moyoni: basi naye aonje kuondoka. Ndivyo nilivyosema, na usiku sikulala.

Wapimaji walikuja asubuhi. Mzungu alibaki kwenye gari lake barabarani, akawatuma wasaidizi wake. Aliyeingia shambani alikuwa kijana wa Kiafrika mwenye kaptura iliyopigwa pasi, adabu zake njema, na nyuma yake wabeba mambo, vile vigingi vya kupigilia ardhini. Watu wetu wote walikuwapo. Kokuberwa alisimama mbali, peke yake.

"Shikamoo, mama. Nionyeshe miti yako."

Nikamwonyesha ule mwembe mkavu. Akavunja kijiti kimoja, kikalia ta! Akatikisa kichwa. Akatazama kule chini kwenye kijani.

"Na ile?"

"Migomba."

"Migomba haihesabiwi. Unaipanda leo, ikishazaa unaikata. Si mti wa kudumu."

Ndipo Kokuberwa aliposogea. "Kwetu mgomba ndiyo shamba lenyewe," akasema. "Unazaa, unaacha mwanawe pale pale. Babu yangu alipanda, mimi nimekula. Kuna kinachodumu kuliko huo?"

"Kwenu ni kwenu, dada. Hapa nina amri."

Akapiga hatua kuingia kwenye migomba, na wabeba mambo wakamfuata. Nikasikia nyundo ya kwanza. Nikakaa ardhini, mikono yangu imeshika udongo wa baba yangu kama kwamba utachukuliwa kwa ndoo. Nililia kwa sauti. Sioni aibu kusema nililia.

Nyundo ikanyamaza. Yule kijana alikuwa amesimama mbele ya mawe ya Bernadeta, amevua kofia.

"Hapa kuna kaburi?"

Bernadeta akaitikia kwa kichwa.

"Kaburi hatupigi mambo," akasema. "Linaachwa, na mahali pake kulizunguka, na njia ya kufikia. Anaachiwa mwenye maiti, na jamaa zake baada yake. Hili ni la nani?"

Nikainamisha kichwa. Halikuwa langu. Kwa haki yote, kwa desturi yao na yetu, pale palikuwa pa Kokuberwa, mahali pekee palipobaki pa shamba zima, na mimi ndiye niliyemfukuza.

"Ni la mjukuu wake," Kokuberwa akasema, mkono wake ukinielekea mimi.

Kijana akamtazama. Akatazama msalaba mdogo shingoni mwake, kisha akanitazama mimi na ushungi wangu. Hakuwa mjinga. "Mama, huyu ni mjukuu wako?"

Kokuberwa hakunitazama. Alikuwa anatazama nyasi zile juu ya kaburi, na midomo yake imebana. Alikuwa anakwenda Tabora. Mwanawe alikuwa anabaki. Nilielewa alichokuwa ananipa, na alichokuwa ananiomba, vyote kwa mara moja.

"Wangu," nikasema. "Mjukuu wangu."

"Jina lake?"

Alikuwa hajapewa jina. Nikafungua mdomo bila kujua nitasema nini, Kokuberwa akanitangulia.

"Mauwa," akasema. "Jina la bibi yake."

Kijana akavaa kofia. Wakapima kipande kuzunguka migomba ile, cha kutosha mikeka michache, na kijinjia cha kushukia. Kisha nyundo zikaanza tena kupanda mteremko kuelekea nyumba yangu, wakapigilia mambo penye visiki vya minazi ya baba, na mlangoni, na jikoni.

Watu wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akinishika bega. Tukabaki wawili. Kokuberwa akaenda kwenye nyumba iliyokuwa yangu, akarudi na ufagio wa njukuti za mnazi. Akapiga magoti pale kaburini, akaanza kuondoa zile nyasi.

"Nionyeshe mnavyofagia, mama," akasema. "Nikiwa Tabora nijue pako safi, kama mnavyotaka nyinyi."

Nikamnyang'anya ufagio, nikautupa kijitoni.

"Zirudishe," nikamwambia. "Mjukuu wangu kwao wanatandaza."

Tukazirudisha pamoja, mkono wake na wangu, mpaka mawe yasionekane.