Maombi ya Fundi

Kwa miaka thelathini, mtu akiugua mtaani, aliyeitwa kumwombea alikuwa yeye. Wakambandika jina la Mama Sala. Basi kiharusi kilipompata, kikampooza upande wote wa kulia na kumfunga ulimi, watu walikuja kwa makundi mwezi wa kwanza, mmoja mmoja mwezi wa pili. Mwezi wa tatu akabaki mumewe tu.

Mzee alikuwa fundi mwashi mstaafu, mtu wa matofali na saruji. Mambo ya Mungu alimwachia mkewe. Sasa alijifunza kumgeuza ubavu, kumfuta mwili kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, akipuliza kila kimoja utadhani anachochea moto.

Kuvuliwa nguo hakukumuuma Mama Sala. Kilichomuuma ni kwamba kila akijaribu kuomba, hata moyoni, maneno yalimponyoka. Akawaza: wale wote niliowaambia Mungu yuko karibu, kumbe nilikuwa nawafariji tu?

Asubuhi moja uji ukampalia. Alikohoa mpaka macho yakamtoka. Mzee akamwinua, akampigapiga mgongo, na pumzi iliporudi akabaki amemkumbatia.

"Mungu," akasema, kama mtu anayezungumza na msimamizi wa ujenzi, "mimi na wewe hatujuani vizuri. Huyu ndiye aliyekuwa akiongea nawe, na sasa hawezi. Nisikilize mimi, hata nikikosea. Usimuumize. Kama ni kumchukua, mchukue taratibu."

Akamgeukia mkewe. "Mama Watoto, hii inamalizwaje?"

Upande mmoja wa mdomo wa Mama Sala ukajaribu kucheka, machozi yakamtangulia. Akakusanya nguvu zote.

"Aa... mi..."

"Haya, amina."

Tangu hapo mzee aliomba kila asubuhi, maneno machache, mengine ya ajabu. Mama Sala alimlazia kichwa mkononi akasikiliza. Hakuwahi kujua kuombewa ni kuzito hivi: kulala tu, huna cha kurudisha, ukapokea. Swali lake halikupata jibu, ila lilipungua makali.

Hakupona. Alikata roho Alhamisi kabla ya adhuhuri, mzee akiwa uani anaanua shuka. Hakuitwa, hakusikia kitu. Majirani walipofika walimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, shuka mapajani bado lina joto la jua, anauliza kila anayeingia: "Nilikawia, eti? Nilikawia sana?"