Mzani wa Duka la Halua

Kuamkia Ijumaa Mzee Faki, mpika halua wa Wete, aliota anauza duka lake. Hilo si ajabu, maana kutwa hakuwa na neno jingine: magoti yamechoka, mnunuzi anakuja kesho, yeye apewe chake akapumzike. Ajabu ni huyo mnunuzi wa ndotoni. Aliingia na mzani mkubwa kama kitanda, akaamkia kwa adabu, akaanza kazi bila hata kunywa kahawa.

Anaweka sufuria la shaba mzanini. Mzani hautikisiki. Anaweka mwiko, kibao cha jina, hata wateja wa sikukuu na foleni yao. Wapi! Kisha anamnyanyua Mzee Faki, anamketisha juu, na mzani unashuka kwa kishindo.

"Basi duka ni hili," anasema mnunuzi. "Nifungieni."

Vijana wake wakamtia mzee kwenye kikapu cha ukili kama halua ya safari, wakaanza kukishona mdomo. Mzee Faki, mtu wa heshima zake, akauliza mlango wa kutokea uko wapi. Ukuta ukamjibu kuwa mlango haukujengwa. Kila mwaka mzee alisema mwakani. Ukamwomba pia asiupigie kelele, wenyewe umeajiriwa tu.

Hapo duka likawa gati, mvua inanyesha, na sufuria linatokota katikati ya mizigo. Mnunuzi akasema iko njia moja: akitokea mwingine ajuaye kuipika halua hii, mzee ataachiwa. Mzee Faki akashusha pumzi. Si yupo Mize, bintiye, aliyekulia ubavuni pa sufuria lile?

Mize akaja amevaa sare za shule, ingawa siku hizi ni mama wa watoto na anakaa Tanga. Akakoroga, mkono mwepesi, mpaka wanga ukaiva na samli ikaelea. Ikafika zamu ya viungo. Akaweka mwiko chini, akaondoka.

"Unakwenda wapi?" mnunuzi akauliza.

"Hapa ndipo baba huniambia nitoke."

Akaenda kusimama mvuani, kwa utii ule ule. Masikini Faki! Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo alivyokuwa akijigamba, na kata akawa yeye peke yake. Binti aliomba kufundishwa mpaka akachoka, akaolewa, akaenda zake. Sasa mzee anataka kumwita, amtajie kila kiungo hadharani, lakini kinywa kimejaa halua na meno yameshikana. Alijuta mpaka machozi yakapenya ukilini.

Aliamshwa na adhana ya alfajiri. Mnunuzi wa kweli alikuwa njiani, lakini Mzee Faki alipiga simu Tanga kwanza. Mize akamwahi kusema.

"Shikamoo, baba," Mize alisema, mafua yamembana. "Nimeamka nimerowa chapachapa, na huku kwetu hakujanyesha."

Mzee Faki akafungua kopo la viungo.

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani. Tunaanza na iliki."